Bahari Ina Mwenyewe?

Sisi wa pwani tumelelewa tukijua bahari haina mwenyewe. Huku Uingereza nimejifunza vingine. Kule Pentland Firth, kaskazini ya Scotland, mradi wa MeyGen ulianza mwaka 2016 kuzamisha mashine nne zinazozungushwa na maji kupwa na kujaa, jumla megawati 6. Umeme hauna moshi, naupenda. Maji yenyewe hayalipiwi. Kinachokodishwa ni sakafu ya bahari, na mwenye kukodisha ni Crown Estate Scotland, shirika la umma.

Umma upi? Tuseme yupo mvuvi ambaye babu yake alitega hapo. Hati hana, ana mazoea tu. Mimi ningetaka aitwe barazani kabla kodi haijapangwa, si baada.