Dalili ya Mvua: Machale ya Kiongozi na Haki ya Anayeongozwa

Siku hizi methali ya mvua na mawingu imegeuzwa hukumu. Niliisikia hivi karibuni hapa Kimara, kwenye kikao cha kikoba, mwenyekiti akimvua cheo mweka hazina. Hakufungua daftari, wala hakutaja shilingi iliyopungua. Alisema kila mama yule anaposhika ufunguo, mwili unamsisimka na roho inakataa. Machale yameshamcheza, na dalili ya mvua ni mawingu. Wanachama wakapiga makofi. Mama wa watu akaondoka na aibu ambayo hakuna hesabu ya mwisho wa mzunguko itakayomwondolea.

Sina ugomvi na mwili wa mwenyekiti. Nagombana na jinsi methali inavyobebeshwa mzigo usio wake. Waliotuachia maneno haya walikuwa watu wa jembe na jahazi, na waliona mawingu mengi yakitanda kisha yakapeperushwa na upepo. Hawakutuambia tukiona wingu tuseme tumelowa. Walitaka tuanue nguo, tufunike kuni, tuzibue mfereji, tuahirishe safari. Wingu humpa kazi aliyeliona. Halimpi mamlaka juu ya mwenzake, na hapa ndipo ninapoachana na wengi wanaoifasiri methali hii kana kwamba ukishaona dalili umekwisha kulijua jambo.

Jiji letu la Dar es Salaam lenyewe linafundisha. Mtu wa huku Kimara anaweza kuona weusi umesimama upande wa Pugu, na kwake lisidondoke hata tone. Lakini Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivyo hivyo vya Pugu, unakatiza mjini, unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Mvua iliyonyesha juu huweza kumfuata mtu wa Jangwani, chini bondeni, hata kama kwake mbingu ni nyeupe. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kubomoa nyumba, baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo anayepuuza wingu atazama, lakini hata anayeliona kweli anaweza kukosea litamnyeshea nani, lini na wapi. Wasiwasi wa kiongozi uko hivyo hivyo. Huenda upo kwa sababu ya kweli, ila sababu hiyo haiko kwa mtu anayemnyooshea kidole.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1997 Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao, huko Iowa nchini Marekani, walichapisha utafiti wa watu waliocheza karata za pata-potea. Viganja vya wachezaji vilianza kutoa jasho kabla hawajagusa rundo la hasara, na kabla hawajaweza kueleza ubaya wake. Wanaosifia machale hupenda kuishia hapo. Wanasahau kwamba wachezaji wale walikuwa wameshachota karata mara nyingi na kupoteza. Jasho lao lilifunzwa na hasara. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, mmoja akiishuku hisia ya mzoefu na mwingine akiitetea, waliandika pamoja na kukubaliana kwamba hisia hiyo huaminika pale ambapo dalili zenyewe ni thabiti na mtu amepata nafasi ya kutosha kujifunza na kusahihishwa. Mvuvi wa Kunduchi akitazama anga lake anafaulu kipimo hicho. Mwenyekiti akitazama uso wa mtu je? Moyo hudunda kwa hofu, kwa wivu, hata kwa njaa, na mwenye nao asijue ni kipi.

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Hufunguliwa mbele ya wanachama wote. Utaratibu huo uliwekwa makusudi ili fedha za watu zisitegemee moyo wa mmoja. Mwenyekiti aliyeingiwa na wasiwasi alikuwa na dawa mezani pake: aseme ana wasiwasi, huenda anakosea, sanduku lifunguliwe, watu wahesabu.

Badala yake tunafundishana kwenye semina kwamba kiongozi shupavu husikiliza moyo wake na hayumbi. Wengine huvisha moyo huo jina la Mungu, wakasema wameonyeshwa, na nani atathubutu kubisha? Ndugu zangu, huko ni kuwaziba watu midomo kwa jina takatifu. Masheikh hufundisha kwamba istikhara, yaani kumwomba Mungu mwongozo, haiondoi kushauriana, na Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote, hata unabii.

Nchi hii imewahi kulisoma wingu kwa adabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tawala za chama kimoja zikianguka Ulaya ya Mashariki, Mwalimu Nyerere aliona kwamba hali hiyo itatufikia, akataka jambo lijadiliwe waziwazi. Mwaka 1991 Rais Mwinyi akaunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kwenda kuwauliza wananchi. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, kwa kuwapima wale wachache waliotaka mabadiliko na hata wengi waliotaka chama kimoja lakini kirekebishwe. Sheria ikabadilishwa 1992, uchaguzi ukafanyika 1995. Wapo wanaosema hadi leo kwamba ile asilimia 80 ilidharauliwa. Wana haki ya kusema hivyo, na wanaweza kubishana kwa hoja, kwa sababu waliulizwa, majibu yao yakahesabiwa, na sababu za kuamua vinginevyo zikaandikwa kila mtu azisome.