Enyi Watu wa Mlola, Chimbeni Kabla ya Lami

Ndugu zangu wa Mlola, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mnaopandisha pikipiki usiku ndani ya ukungu: inueni macho. Zitazameni nyaya zilizopita juu ya soko, juu ya njia ya shule, juu ya mapaa yenu. Tuliziomba miaka mingi. Baba zetu wamezeeka na koroboi mkononi. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zilipoanza kupanda milima ya Usambara watu walishangilia, na ilikuwa haki yao kushangilia. Kuunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 ni jambo ambalo hata mkulima wa maharage aliweza kulimudu kwa gunia lake moja. Sina neno baya juu ya nguzo zile. Zilifanya kazi yake, na asiyeshukuru kwa nuru hiyo hajui giza la mlimani.

Lakini kazi haijaisha, jamani. Aliyeleta umeme amemaliza sehemu yake. Kuulinda, kuupangia njia na kuufanya usiue mtu ni sehemu yetu, na sehemu yetu hatujaigusa.

Mtazameni kijana anayeteremka jioni na mrunda mrefu begani. Macho yake yako miguuni, maana njia inateleza na shingo imepinda kwa uzito. Juu yake waya umelegea tangu nguzo ilipoinama na udongo wa masika. Mama aliyesimama mlangoni mwake ndiye anayempigia kelele, “Teremsha mti, mwanangu! Teremsha!” Kijana anainama, anapita chini ya waya, anauinua tena mzigo wake na kuendelea. Kesho mama yule atakuwa shambani. Nani atapiga kelele? Tumeliweka jambo la uhai na mauti kwenye sauti ya mama mmoja, tukaenda zetu kulala.

Na mvua zikija mnajua kinachofuata. Hapa kwetu ardhi hushiba maji tangu Machi hadi Mei, na vuli inaongezea yake. Udongo uliolowa haushiki nguzo. Mikaratusi na migrivelia tuliyoipanda kwa nia njema imerefuka kuliko nyaya, na upepo wa usiku mmoja unatosha kulaza tawi juu ya laini ya msongo wa kilovolti 33 inayolisha bonde zima. Umeme unakatika. Mafundi wanaufuata mstari kwa miguu, nguzo baada ya nguzo, kilima hadi kilima, wakitafuta mahali ulipokatikia ndani ya ukungu usioonyesha mtu hatua ishirini mbele yake. Mashine ya kusaga imenyamaza. Friji ya chanjo inahesabu saa zake. Mkunga anamzalisha mzazi kwa mwanga wa simu. Hili si jambo la kulizoea! Wako waliolizoea, nami nawaambia mazoea hayo ni dhambi, kwa sababu anayeumia si aliyezoea.

Basi nasema wazi: wakati umefika wa Mlola kupanga kufukia nyaya zake chini ya ardhi, kuanzia pale ambapo watu ni wengi na hatari ni kubwa.

Najua mtakachosema. Hayo ni mambo ya Dar es Salaam, mambo ya Ulaya. Ni kweli katikati ya Dar es Salaam nyaya nyingi ziko chini. Ni kweli Uholanzi nyaya za kusambazia umeme mitaani na vijijini ziko chini ya ardhi, na nchi ile ni tambarare, haina mteremko wa kuipa tabu. Lakini msiende mbali hivyo. Shukeni hapo Tanga, mkoani kwetu. Mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, waya mnene ulilazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba, na kisiwa kilichokuwa kikiishi kwa jenereta za dizeli kikaanza kuwaka kwa umeme wa gridi ya taifa. Chini ya bahari, ndugu zangu! Kwenye mkondo, kwenye chumvi, mahali ambapo hakuna fundi anayeweza kusimama na ngazi. Mkoa uliowapitishia Wapemba umeme chini ya maji utashindwaje kuupitisha chini ya mtaa mmoja wa soko?

Nanyi mnaosema kilichofukiwa kimesalimika milele, sikieni habari ya Unguja. Kisiwa kile kiliunganishwa na bara mwaka 1980 kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Waya ulitumika, ukazeeka, na wa kuupokea haukuandaliwa kwa wakati. Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa muda wa karibu mwezi. Desemba 2009 ukakatika tena, na watu wakakaa gizani hadi Machi 2010: hoteli, hospitali, visima vya maji, vyote kwa jenereta au kwa kukosa. Waya mpya wa megawati 100, uliogharimiwa na Marekani, ulikuja kukamilika mwaka 2013. Kwa hiyo sihubiri kufukia na kusahau. Nahubiri mpango: wenye ramani inayoonyesha waya ulikopita, wenye mwaka wa ukaguzi, wenye fedha ya matengenezo iliyotengwa kabla ya hitilafu kutokea. Waya ulio juu hitilafu yake huonekana kwa macho. Ulio chini hutafutwa kwa vipimo, na kuutengeneza huchukua muda zaidi. Anayewaahidi kwamba ukishafukiwa kazi imekwisha anawadanganya.

Wala sisemi tufukie kila kitu. Gharama ya kupitisha umeme chini ni mara kadhaa ya ile ya nguzo, na fedha hiyo hatunayo kwa kila kitongoji. Tena milima yetu ina mahali ambapo udongo hutembea, na waya uliolazwa kwenye mteremko unaoporomoka utakatwa na mlima wenyewe, kisha tutauchimbua kwa machozi. Huko nguzo zibaki, ila zisimamishwe imara, na miti iliyo ndani ya mkuza ipunguzwe kabla ya mvua badala ya baada yake. Ninachokidai ni kidogo na kinawezekana: mtaa wa soko, njia inayokwenda kituo cha afya, mbele ya shule, na palipo na watu wengi kwenye msikiti na kanisa. Tuanzie kwenye transfoma, tufike mahali ambapo uhai wa watu unategemea umeme usikatike.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Tunachimba! Si kwamba hatuchimbi. Mradi wa maji unakuja, RUWASA wanachimba mtaro, wanalaza bomba, wanafukia. Kampuni ya simu inakuja na mkongo wake, inachimba pembeni ya mtaro uleule, inafukia. Wa barabara wanakuja, TANROADS au TARURA, wanachonga na kushindilia. Kila mmoja na ramani yake, kila mmoja na mkandarasi wake, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Barabara ikishawekwa lami, atakayetaka kupitisha chochote chini yake lazima aikate na kulipia kuirudisha. Mtaro ambao leo ungechimbwa na vijana kwa majembe na sururu utadai mashine, kibali na fedha nyingi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wamesema wahenga, na sisi tuna vinga vinne, kila kimoja kwenye jiko lake.

Siku barabara ya Magamba hadi Mlola inapofanyiwa kazi katika kipande chochote, siku hiyo mtaro mmoja uchimbwe kwa ajili ya wote. Maji upande mmoja, umeme upande mwingine, kwa umbali ambao mafundi wataupima. Hata kama fedha ya waya wa umeme haijapatikana, mabomba matupu ya plastiki yalazwe chini na kufunikwa, ncha zake zizibwe na kuwekewa alama, ili atakayekuja na waya miaka mitano baadaye aupitishe bila kuvunja lami. Hilo peke yake, hata tukikosa mengine yote, litawaokolea wajukuu wetu fedha tusizoweza kuzihesabu.

Na kazi yenyewe ifanywe kwa heshima yake. Mtaro wa waya si shimo la kupandia mgomba. Huchimbwa kwa kina kinachotakiwa na wataalamu, kina ambacho jembe la mkulima halitakifikia. Chini hutandikwa mchanga laini usio na mawe, maana jiwe lenye ncha linalosukumwa na uzito wa udongo huula waya pole pole mpaka siku moja unalipuka. Juu ya waya huja mchanga tena, kisha matofali au vibao vya kuulinda, kisha udongo, kisha utepe wenye rangi kali unaomwambia mchimbaji wa kesho asimame hapo. Juu ya ardhi husimikwa vigingi vya alama. Na hapa milimani tuongeze la kwetu: mtaro unaoshuka moja kwa moja na mteremko hugeuka mfereji wa maji masika ya kwanza tu, kwa hiyo upite ukikata mlima, na panapolazimika kushuka uwekewe vizuizi vya mawe kila baada ya hatua chache. Juu yake pandeni majani ya guatemala, yale tuliyozoea kuyapanda kwenye kingo za mashamba kushika udongo tangu enzi za SECAP, ule mradi wa kuhifadhi udongo wa miaka ya 1980. Mashina hayo ya majani yanatosha. Mti wenye mizizi mikubwa usipandwe hapo.

Kuna mtu ataniambia, mhubiri, umetoka madhabahuni umeingia kwenye udongo. Ndiyo. Wakristo mnamkumbuka mtumwa aliyeifukia talanta ya bwana wake akakemewa. Alikemewa kwa sababu aliifukia ili isifanye kazi. Sisi tunataka kufukia ili kazi isisimame. Na Waislamu mmefundishwa kwamba kuondoa njiani kitu kinachodhuru watu ni sehemu ya imani. Waya uliolegea juu ya njia ya watoto ni nini kama si kitu kinachodhuru? Nyote wawili mnamheshimu Yusufu, aliyetumia miaka ya shibe kujiandaa kwa miaka ya njaa. Hakungoja njaa ifike ndipo aitishe kikao cha dharura.

Lakini mipango isije kwetu kama ilivyokuja kule Mlalo. Wazee mnaikumbuka au mmesimuliwa. Kuanzia mwaka 1946 Waingereza walileta mpango wa kuokoa ardhi ya bonde la Mlalo, wakawalazimisha watu kutengeneza matuta kwenye miteremko, kwa amri na kwa faini. Udongo kweli ulikuwa unakwenda. Nia ya kuuzuia haikuwa mbaya. Watu walikataa, kina mama wakikataa pamoja na waume zao, kwa sababu hakuna aliyewauliza, na kwa sababu waliogopa kwamba mwisho wa matuta ni kunyang'anywa ardhi. Kabla ya miaka ya 1950 kuisha mpango ule ulikuwa umekufa, umeacha uchungu. Waheshimiwa madiwani, maofisa wa halmashauri, wahandisi wa TANESCO, mkija na ramani iliyokwishachorwa Lushoto mjini mtakutana na milango iliyofungwa. Njooni na ramani tupu. Mama anayejua mahali ambapo udongo ulimeguka mwaka ule wa mvua kubwa ana elimu isiyo katika kompyuta yenu, nanyi mnaihitaji.

Nasi wananchi tusikae kimya halafu tukalalamika. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imekipa kijiji mkutano mkuu, na mkutano huo unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Upo utaratibu wa Fursa na Vikwazo, unaotaka mpango uanzie kijijini, upande kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ufike halmashauri. Upo mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, chini ya sheria ya mwaka 2007, ambamo njia ya miundombinu inaweza kutengwa na kuandikwa, asijenge mtu juu yake, asipande mti. Milango hii iko wazi. Tunaipita kila siku bila kuingia.

Ingieni! Tena ingieni mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Anayesimama Mei kudai mtaro amekuja sherehe imekwisha. Hoja iwe mezani wakati wa vuli, wakati mahindi bado mabichi.

Wenye nguvu, jitoeni kwa msaragambo. Fedha nyingi ya kazi hii inakwenda kwenye kuchimba na kufukia, na mikono ya kufanya hivyo tunayo. Kulaza waya na kuunganisha ni kazi ya mafundi wenye leseni peke yao, asijaribu mtu. Lakini mtaro ni wetu, mawe ni yetu, majani ya guatemala ni yetu. Kijiji kinachokwenda TANESCO kikisema “njia tumeitenga, mtaro tutachimba” kinasikilizwa kwa sikio jingine kuliko kinachokwenda na barua ya kuomba.

Basi mkutano ujao wa kijiji msiende kusinzia. Mama, nenda ukataje mahali waya ulipolegea mbele ya nyumba yako. Mzee, nenda ukaonyeshe udongo unapotembea. Mwalimu, nenda na mchoro wa njia ya shule. Fundi wa kijiji, nenda na hesabu ya mita kutoka transfoma hadi kituo cha afya, umeipima mwenyewe kwa kamba. Mwenyekiti atakapouliza kama kuna mengineyo, simameni watano kwa mpigo, na msikae mpaka azimio liandikwe: mtaro mmoja kwa maji, umeme na simu, njia itengwe katika mpango wa ardhi, kazi yoyote ya barabara isianze hapa kijijini bila mabomba matupu kulazwa kwanza. Na mkutano usifungwe kabla mtendaji hajayasoma kwa sauti yale aliyoandika.