Msichukue Ufunguo Siku Hiyohiyo

Wanangu,

Nimesikia viza mmepata, tiketi mmeshakata, na mpango wenu ni kwamba mkishuka Roma mtachukua gari palepale uwanjani mwende zenu Toscana. Nimefurahi sana. Nchi ile nimeizunguka nikiwa nimeshika usukani, na sijui njia nzuri ya kuijua kuliko barabara zake ndogo. Ila hilo la kuchukua gari mkishuka tu, msilifanye.

Safari ya kutoka kwetu, mpitie Addis Ababa, Doha au Istanbul, inakula usiku mzima. Mtafika uwanja wa Fiumicino macho mazito, mtapanga foleni ya pasipoti, mtasubiri mabegi, kisha mtasimama mbele ya kaunta ambako mtu aliyelala vizuri atawapa karatasi za kutia saini. Yeye anataka foleni iishe. Ninyi mnataka ufunguo. Hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa, kabla tairi halijazunguka hata mara moja. Kisha mnatoka na gari la gia za mkono, usukani uko kushoto, na barabara yote inakwenda upande msiouzoea.

Pandeni treni. Leonardo Express hutoka uwanjani hapohapo mpaka stesheni ya Termini kwa dakika 32, haisimami njiani. Mlale. Roma itembeeni kwa miguu na kwa metro, maana gari pale ni mzigo. Na kwa kuwa mnachokitaka ni Toscana, siku ya kuondoka nendeni kwa treni mpaka Pisa, mkachukue gari kwenye uwanja wa ndege wa kule. Ofisi za kukodi zilizo mjini pengine zina bei nafuu, kwa sababu uwanjani huongezwa tozo, lakini nyingi hufunga mchana na Jumapili, na ukitoka huko umeshaingia kwenye vichochoro. Kutoka uwanja wa Pisa mnashika barabara kuu moja kwa moja, na Lucca, Volterra na San Gimignano si mbali.

Kabla ya kuondoka nyumbani kuna ya kukamilisha. Leseni ya Tanzania peke yake haitoshi. Sheria ya Italia inamtaka mgeni kama ninyi awe na kibali cha kimataifa cha udereva, au tafsiri rasmi ya leseni kwa Kiitaliano, pamoja na leseni yake halisi, na kibali hicho hutolewa katika nchi iliyotoa leseni. Mkikisahau, hakuna ofisi Italia itakayowapa. Kaunta nyingine hazikiulizi, na hilo huwadanganya watu. Trafiki atakiuliza, na ikitokea ajali kampuni ya bima itakiuliza kwa ukali zaidi.

Halafu kadi. Kadi nyingi za benki zetu hukata pesa moja kwa moja kwenye akaunti, na kampuni nyingi kule hazizipokei kwa dhamana. Zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, iwe na nafasi ya kuzuiwa mamia ya euro, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Kadi ya mke haimdhamini mume aliyeandikwa dereva. Nimeona watu waliolipia gari miezi kadhaa kabla wakikataliwa kaunta kwa ajili hiyo tu. Mkitaka kupokezana usukani, wote wawili muandikwe kwenye mkataba, kwa sababu asiyeandikwa akigonga, kinga ya gari huanguka. Aliye chini ya miaka 25 huongezewa malipo ya kila siku. Hilo mlihesabu mapema.

Bima ndiyo inayowachanganya vijana, basi nisikilizeni taratibu. Bima ya kisheria ya kumlipa mtu mwingine mtakayemdhuru ipo kwenye kila gari, hiyo haina mjadala. Mjadala uko kwenye gari lenyewe. Bei mliyolipa mtandaoni kwa kawaida ina kinga ya uharibifu na wizi, lakini kinga hiyo inawaachia kiwango mnachobeba wenyewe. Kwenye mkataba kimeandikwa franchigia. Tuseme ni euro 1,200. Mlango ukichubuka na matengenezo yakawa 700, zote 700 mnatoa ninyi. Gari likiumia kwa 5,000, mnatoa 1,200. Kaunta watataka kuwauzia kinga ya kukifuta kiwango hicho, na haitakuwa rahisi. Siku nyingine inakaribia bei ya gari. Kuna pia bima ya kununua mapema kwa watu wengine, nafuu kabisa, ila yenyewe hurudisha pesa baadaye: kampuni ya gari inakata kwanza kwenye kadi yenu, ninyi ndio mnahangaika na nyaraka za kudai. Kwa safari ya kwanza ningewashauri mlipe ile ya kaunta kama mfuko unaruhusu. Lakini ulizeni kwanza kama inahusu matairi, vioo, sehemu ya chini ya gari na ufunguo. Vitu hivyo huachwa nje mara nyingi. Jibu lisiwe la mdomo. Muonyeshwe mstari wenyewe kwenye karatasi, na kama hamuuoni, haupo.

Mkikabidhiwa gari, lisogezeni penye mwanga kabla ya kutoka. Pigeni video pande zote, rimu moja moja, chini ya bampa, kioo cha mbele, paa, kisha dashibodi ionyeshe mafuta na kilomita. Mkwaruzo msiouona kwenye fomu yao, rudini uandikwe. Mwenye kaunta akinung'unika, mwacheni anung'unike. Angalieni pia kama pembetatu na fulana ya kung'aa vimo, na kifuniko cha tangi kimeandikwa benzina au diesel. Kutia mafuta yasiyo yake ni kosa ambalo karibu kila bima inalikataa. Na chagueni gari dogo la ukubwa wa Fiat Panda, hata kama kaunta watawashawishi mchukue kubwa. Mtanikumbuka mkifika Volterra.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote.

Miji ya kale ya Italia imeyazuia magari ya wageni katikati. Firenze, Siena, Pisa, Lucca, San Gimignano, yote ina eneo linaloitwa Zona a Traffico Limitato, kifupi ZTL. Hakuna geti, hakuna askari. Kuna kibao cha duara jeupe lenye mviringo mwekundu, na juu yake kamera inayosoma namba ya gari. Ukipita umeshanaswa, wala hutajua siku hiyo. Ubao wa taa ukiandika varco attivo, kamera iko kazini na njia imefungwa. Wengi huuelewa kinyume wakaingia kwa furaha. Faini huanzia zaidi ya euro 80. Ramani ya simu msiiamini kwa hili, inaweza kuwapeleka humohumo.

Hoteli yenu ikiwa ndani ya eneo hilo, wapigieni kabla ya kufika, muwaulize njia ya kuingilia, muwape namba ya gari waiandikishe, kisha mwombe wathibitishe kwa maandishi. Lakini mimi ningechagua hoteli ya nje. Gari liacheni nje ya ukuta kama mnavyoacha viatu mlangoni mwa msikiti. Siena kuna maegesho ya Santa Caterina chini ya mji, na ngazi za umeme zinawapandisha mpaka juu. Mistari ya bluu barabarani ni ya kulipia, myeupe ni ya bure, ya njano ina wenyewe.

Barabarani, hatari yenu si magari mengi. Hatari ni barabara tupu, asubuhi, mnapotoka sheli au shambani na akili imetulia. Mkono wa mazoea unavuta kushoto. Waliozoea Bujumbura, Kigali au Lubumbashi mzigo huu hawana, ninyi mnao. Kwa hiyo abiria asilale, na kila mnapotoka mahali aseme kwa sauti: kulia. Kwenye kipilefti mnazungukia kulia, na kwa kawaida aliyemo ndani hupewa nafasi.

Barabara za kulipia zina vibao vya kijani. Mtachukua tiketi mnapoingia na kulipa mnapotoka. Msiipoteze, maana mtahesabiwa mmetoka mbali kabisa. Njia za njano zilizoandikwa Telepass si zenu. Mwendo ni 130, mvua ikinyesha 110, na kuna mitambo inayopima wastani wa mwendo kati ya sehemu mbili, hivyo kupunguza mbele ya kamera hakusaidii. Mwenye leseni isiyotimiza miaka mitatu haruhusiwi kilevi hata tone. Kule Chianti mtakaribishwa mvinyo kila kona, basi mjue.

Na barabara kuu hizo msizipende sana. Kati ya Firenze na Siena shikeni SR222, wanayoiita Chiantigiana, inayopanda na kushuka katikati ya mizabibu. Baada ya Siena fuateni Cassia kusini mpaka Val d'Orcia, bonde ambalo UNESCO iliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Hapo simameni mara nyingi. Hiyo ndiyo sababu ya gari.

Siku ya kurudisha, jazeni mafuta sheli ya karibu na mtunze risiti. Rudisheni ofisi ikiwa wazi, mfanyakazi akague mbele yenu na atie saini kwamba gari halina tatizo. Pigeni tena video ileile. Dhamana huchukua siku kadhaa kuachiwa, kwa hiyo taarifa ya kadi iangalieni kwa miezi miwili mitatu. Mkiona makato madogo msiyoyaelewa, pengine ni ada ya kampuni kwa kutoa majina yenu kwa polisi, na faini yenyewe bado iko njiani. Sheria inawapa polisi hadi siku 360 kuituma kwa anayeishi nje. Ikifika, msiitupe. Faini nyingi zikilipwa ndani ya siku tano hupunguzwa asilimia 30. Kama mna ushahidi kwamba hoteli iliandikisha namba, pelekeni ushahidi huo kabla ya kulipa, maana ukishalipa umekubali.