Mashine Iliyoharibika Ikiwa Imelala

Alizeti ya Singida huvunwa kuanzia Mei, na mashine za kukamua hunguruma vijijini mpaka mbegu ziishe maghalani. Mkoa una msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Kwa hiyo mashine nyingi hukaa bila kazi katika miezi ileile yenye unyevu, wenyewe wakiwa shambani kuanzia alfajiri hadi jua linapozama. Kisa hiki ni cha kijiji kimoja cha Wilaya ya Iramba, nami nakisimulia kwa ajili ya kila mwenye mashine ya msimu.

Mzee mmoja wa kijiji hicho aliuza ng'ombe akanunua kinu cha skrubu na injini ya dizeli ya silinda moja, ile inayowashwa kwa hendeli. Gunia la mwisho la msimu lilikamuliwa jioni, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya. Kijana aliyeendesha mashine akapewa ujira wake akarudi kwao. Mzee akafagia sakafu, akafunga mlango kwa kufuli, na kesho yake akaenda kutafuta mbegu za mtama. Mvivu hakuwa. Msimu mzima alipima oili kila asubuhi na hakukubali mkanda ulegee. Ila aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mashine iliyozimwa haipatwi na lolote.

Kumbe ndani ya kizimba cha kukamulia kulibaki mashudu yenye mafuta. Mafuta ya alizeti yakiachwa yakiwa tabaka jembamba juu ya chuma, huungana na hewa kidogo kidogo, yakanata, kisha yakawa ganda gumu kama rangi iliyokauka. Mashudu nayo hufyonza unyevu, huvunda, na kutu huanzia hapo. Tangi la dizeli liliachwa nusu. Ile nusu tupu ilijaa hewa, na usiku ulipopoa unyevu wa hewa hiyo ukageuka matone, yakazama chini ya dizeli kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Pale maji na dizeli vinapokutana vijidudu huzaliana na kuacha utelezi mweusi unaoziba chujio. Oili ya zamani, yenye masizi na tindikali za moto wa injini, ilikaa juu ya beringi miezi yote hiyo. Maji ya kupozea hayakumwagwa. Nyigu wa udongo wakajenga ndani ya bomba la moshi.

Mwishoni mwa Mei majirani walifika na magunia, wengine kwa mikokoteni ya punda, wengine kwa baiskeli. Hendeli ikagoma kuzunguka. Vijana wanne wakaizungusha injini kwa kuvuta gurudumu lake, na baada ya saa nyingi ikawaka kwa moshi mweupe, ikikohoa. Hapo ndipo lilipofanyika kosa kubwa kuliko yote: wakaufunga mkanda kwenye kinu bila kukifungua kwanza. Skrubu ilikuwa imegandamana na mashudu ya mwaka jana. Mkanda ukatoa moshi. Wakaukaza zaidi, wakaongeza moto wa injini, na shafti ikakatika.

Fundi aliyeitwa kutoka mjini alikuwa kijana. Aliamkia, akafungua kizimba, akakwangua kidogo kwa bisibisi.

"Mzee wangu, hii haikuharibika leo," alisema. "Imeharibika tangu ulipoifungia."

"Mbona niliifunga nzima, mwanangu?"

"Ilikuwa nzima, mzee. Ila ilikuwa chafu."

Shafti mpya ilichukua wiki kadhaa kuchongwa. Hasara ya mzee ilionekana, lakini mimi nawafikiria zaidi wale majirani. Mkulima anayeweza kukamua huuza mafuta kwenye madumu kando ya barabara kuu, na mashudu humbakia ya kulisha mifugo. Mwaka ule wengi walikuwa na ada za shule mlangoni. Wakauza mbegu ghafi kwa walanguzi wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini kabisa. Shafti moja ilikatika, kijiji kizima kikakosa faida ya jasho lake.

Kazi aliyofundisha fundi haizidi siku mbili. Gunia la mwisho likiisha, pitisha mashudu makavu kwenye kinu yafyonze mafuta yaliyobaki, kisha zima, fungua kizimba kingali na joto, ukwangue kila chuma kwa brashi ya waya na upake grisi. Msimu mpya ukianza, grisi hiyo ifutwe yote, na mafuta na mashudu ya kwanza yatupwe. Yasiliwe na mtu wala mnyama. Upande wa injini, mwaga oili ikiwa moto ili itoke na uchafu wake, weka mpya, iwashe dakika chache. Fungua maji ya chini ya tangi la dizeli, kisha lijaze pomoni. Badilisha chujio, mwaga maji ya kupozea, legeza mkanda, ziba bomba la moshi kwa kitambaa na ufunge kamba nyekundu kwenye hendeli, ili asiwepo wa kuiwasha kabla ya kulizibua. Kila baada ya wiki chache izungushe injini kwa mkono, bila kuiwasha, oili ifike kote.

Hata Kanada, wenye pikipiki za kutembelea juu ya theluji hufanya karibu hayohayo kabla ya kiangazi: hujaza tangi, hupaka grisi, huziba bomba la moshi panya wasiingie. Chuma kinachosubiri msimu kina maadui walewale kila mahali.

Kwa vikundi vinavyomiliki mashine kwa pamoja, ombi langu ni hili: fedha ya oili, chujio na grisi itengwe kabla faida haijagawanywa, maana ikishaingia mifukoni haitarudi. Na kijana mwendeshaji asiagwe jioni ya gunia la mwisho. Alipwe siku mbili zaidi, kwa kazi hiyo tu, na mwenye mashine awepo hadi kizimba kifungwe.