Mwendo wa Safari Uwe wa Nani?



Watu 15 wakisafiri pamoja, wakampata mwongozaji mmoja na kupanda basi moja, mwendo wao uwe wa nani? Uwe wa kijana apandaye ngazi mbili mbili, au wa mama mwenye magoti mabovu? Wengine watasema kwamba hilo ni shauri la kampuni ya safari, wala halimhusu Mkristo. Sisi twaona ni swali la haki. Na tulipime kwa mfano wa mahali pamoja, yaani kusini mwa Italia, ambako vikundi vya makanisa huenda kwa hija na matembezi, na ambako Mtume Paulo mwenyewe alishuka pwani.

Tuanze na hesabu. Ziko safari za siku moja zinazotangazwa kutoka Roma, kwamba mtu ataona Pompeii na pwani ya Amalfi, kisha atarudi kulala Roma. Kutoka Roma hadi Pompeii ni kama kilomita 240, na basi huchukua muda wa saa 3 hivi. Kwenda na kurudi ni saa 6. Ongeza saa 2 au zaidi za kufika Positano na kurudi, maana barabara ya pwani ile ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, na wakati wa kiangazi magari husongamana. Basi siku ya saa 13 imebakiwa na saa 5. Toa chakula, choo na kuhesabu watu kila mnapopanda basi. Pompeii itapewa saa 2, na Positano saa moja.

Lakini Pompeii si jengo moja la kuchungulia na kuondoka. Ni mji mzima uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Eneo lake ni kama hekta 66, na theluthi mbili hivi zimekwisha kufukuliwa. Njia zake ni za mawe makubwa yaliyolika kwa magurudumu ya mikokoteni. Vivuli ni vichache, na joto la mwezi wa Julai hupita nyuzi 30. Wageni ni wengi hata tangu Novemba 2024 wamewekewa kikomo cha watu 20,000 kwa siku. Mwongozaji aliyepewa saa 2 mahali kama hapo hana budi kukimbia, na asiyeweza kukimbia ataachwa.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Yule mama hatalalamika. Atajikaza mpaka njia ya tatu, kisha atasema, "Niacheni hapa wanangu, nitawangojea." Wenzake watamshukuru kwa upole wake na kwenda zao. Lakini je, alitaka kubaki? Alidunduliza fedha zake miaka mingi ili aje kuona, si kukaa juu ya jiwe akilinda mikoba ya wengine. Anasema hivyo kwa sababu anaona aibu kuwa mzigo. Ratiba ya haraka humfundisha mnyonge kusema uongo ili wenye nguvu wastarehe, nao hufundishwa kuuamini uongo huo. Hatulioni hili kuwa jambo dogo.

Yupo atakayepinga, na hoja yake ina uzito. Atasema, "Mimi nimelipa nauli kubwa, wala sidhani kama nitarudi tena Italia. Mbona ninyimwe kuona mengi kwa ajili ya mmoja?" Hatumlaumu. Ila twamwuliza, kuona ni nini? Sisi tuliosimama miaka mingi mbele ya ubao twamjua mwalimu anayemaliza muhtasari wote kabla ya mwezi wa tisa, na wanafunzi wake hawajui kitu. Mada zimepitiwa, lakini hazikufundishwa. Vivyo hivyo mji unaweza kupitiwa usionekane.

Chukueni Pozzuoli, karibu na Napoli, ambao ndio Puteoli wa Matendo ya Mitume. Katika soko lake la kale zimesimama nguzo tatu ndefu za marumaru. Apitaye mbio huona nguzo tatu, akapiga picha, akaenda. Akaaye kitako na mwongozaji mwenye subira huonyeshwa kwamba juu sana ya kimo cha mtu nguzo zile zina mkanda wa vitundu vidogo vidogo. Vilitobolewa na viumbe wa baharini wa jamii ya kombe. Yaani ardhi ile ilididimia baada ya soko kujengwa, bahari ikazifunika nguzo mpaka pale, kisha ardhi ikainuka tena. Mwaka 1830 Charles Lyell aliweka picha ya nguzo hizo mwanzoni mwa kitabu chake cha jiolojia, kuonyesha jinsi nchi inavyoshuka na kupanda. Yahitaji nusu saa kulielewa hilo, na kijana mwenye nguvu hulipata kwa sababu tu alimngojea mama. Basi mwendo wa polepole si sadaka anayotoa mwenye nguvu kwa mnyonge. Mara nyingi yeye mwenyewe hufaidi.

Paulo naye alifika Puteoli akiwa mfungwa chini ya ulinzi, safarini kwenda kuhukumiwa. Alikaa Sirakusa siku 3, akangoja upepo Regio, na huko Puteoli akakaa na ndugu siku 7. Siku hizi twapita mji uo huo kwa dakika 40, nasi tu watu huru.

Wala lawama isiwe ya mwongozaji peke yake. Sisi wanunuzi tukipewa karatasi mbili, moja yenye miji mitano na nyingine yenye mji mmoja, twaikimbilia ile ya mitano. Mwenye kampuni hutuuzia tunachotaka. Hata hivyo, anayeahidi miji mitano akijua kwamba wawili katika kumi watabaki kwenye basi, ameahidi asichoweza kutoa. Mshika mawili, moja humponyoka.

Basi yatupasa kupanga namna gani? Kwanza, siku moja iwe na jambo kubwa moja, tena asubuhi kabla ya jua kali, na jambo dogo jioni. Kule kusini makanisa mengi na maduka hufungwa baada ya adhuhuri kwa saa kadhaa. Wenyeji wenyewe hupumzika, basi mgeni naye apumzike. Pili, watu waambiwe ukweli kabla ya kulipa: kwamba kanisa kuu la Mtakatifu Andrea huko Amalfi lina ngazi 62, kwamba makumbusho makubwa ya Napoli hufungwa siku ya Jumanne. Tatu, ikiwa lazima kikundi kigawanyike, wanaobaki wapewe mtu wa kukaa nao na kitu cha kutazama. Chini ya ngazi zile za Amalfi kuna uwanja na chemchemi ya Mtakatifu Andrea. Hapo watu wawili waweza kukaa saa nzima kwa furaha.

Katika Mwanzo 33, Esau alimtaka ndugu yake Yakobo waende pamoja. Yakobo akakataa mwendo ule, kwa kuwa watoto walikuwa wachanga na mifugo ilikuwa ikinyonyesha, akachagua kwenda polepole kwa kadiri yao. Anayepanga safari ya kanisa, ya Italia au ya mtaa wa pili, na aulize kwanza nani atatembea taratibu kuliko wote. Akimaliza hapo ndipo achukue ramani.