Macho Mekundu na Mkono wa Kibarua

Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipokuwa yakisumbua Dar es Salaam, kisha Mombasa na kaunti jirani za Pwani, ushauri wa kwanza kutufikia huku Konza ulikuwa huu: usimtazame. Ukiona mtu macho yamemwiva, geukia kando. Naye mgonjwa, kama ana heshima zake, avae miwani ya jua. Muda si mrefu, kila aliyevaa miwani nyeusi kwa matatu alikuwa mshukiwa, hata kama kwake ilikuwa ni staili tu.

Ni uongo, ingawa si uongo wa kijinga. Watu wetu wanaamini tangu zamani kwamba jicho linatoa kitu. Kijicho kinakausha shamba, kinamtia mtoto mchanga homa. Ukija kuwaambia kuna ugonjwa wa macho unaoambukiza, wataweka wapi habari hiyo? Hapo hapo kwenye kijicho. Ghana nako, 1969, aina moja ya ugonjwa huu ilizuka wakati Apollo 11 inakwenda mwezini, na watu wakauita Apollo. Nchini Nigeria jina hilo liko hadi leo.

Lakini kirusi hakirushwi kwa kutazamana. Mara nyingi ni adenovirusi au enterovirusi, na gari lake ni chozi na mkono. Mgonjwa anajifikicha jicho, anashika chuma cha matatu, kitasa cha choo, karai. Wewe unashika papo hapo, halafu unajifuta jasho usoni. Imeisha hiyo. Adenovirusi inaweza kukaa kwenye kitu kikavu kwa wiki kadhaa, na sanitaiza ya spiriti haiimudu vizuri. Maji na sabuni ndiyo mambo. Antibiotiki haziui virusi.

Sasa, mbona tunang'ang'ania ile ya kutazamana? Nadhani ni kwa sababu ni bei rahisi. Kama ugonjwa unapita kwa macho, ukigeuza shingo umemaliza wajibu wako. Kama unapita kwa mkono, kuna maswali mawili ya kujibu: maji yako wapi, na huyu mtu akikaa nyumbani atakula nini?

La maji tunalijua. Mji wa teknolojia uliozinduliwa hapa kwetu 2013 ulipangiwa maji ya bwawa la Thwake. Sisi wengine tunahesabu mitungi ya lita 20, na mtu anayenunua mtungi haoshi mikono mara kumi kwa siku.

La pili ndilo linaloniumiza kichwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi awe amefanya kazi miezi miwili mfululizo. Siku 14. Zingetosha macho mekundu mengi. Lakini kibarua wa mjengo analipwa jioni, kwa siku aliyofika. Asipofika, hakuna cha nusu wala robo.

Jirani yangu ni wa mjengo. Aliamka siku moja kope zimegandana kwa matongo, akazifungua kwa maji ya uvuguvugu, akanunua miwani ya soo mbili, akaenda kazini. Alikosea? Kuna watakaosema ndiyo, bila kusita: alijua anaumwa, akashika karai la wenzake. Nakubali walikuwa na haki ya kujua. Ila ukimtoza mtu mshahara wa wiki nzima kwa kusema ukweli, halafu akauficha, lawama haiwezi kuwa yake peke yake. Na akijificha anajificha hata kwa daktari, wakati si kila jicho jekundu litapona lenyewe. Kuna la kirusi cha herpesi, ambalo ukilitilia matone ya steroidi ya kununua tu dukani, unaweza kuishia na kovu kwenye konea na kupoteza uwezo wa kuona.

Siku ya tatu miwani ilimdondoka akiwa amebeba kokoto. Wenzake wakanyamaza kidogo. Nilitegemea nisikie alifukuzwa, lakini mmoja alitoboa mtungi wa lita 5 akatengeneza kibuyu chirizi, akaning'iniza na kipande cha sabuni kando yake. Jamaa akapewa sepetu yake, ikafungwa kitambaa chekundu, na akaambiwa asiguse ya mtu. Maji walichanga, shilingi kumi kumi.

Wawili waliugua hata hivyo. Nao walisema siku hiyo hiyo.