Kura ya Baba

Mwaka 1965 nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Magomeni. Baba, kuli wa bandarini, alirudi jioni ya siku ya uchaguzi akasema amempa kura Derek Bryceson. Mama akauliza, "Yule Mzungu?" Baba akajibu, "Mzungu, lakini kilimo anakijua." Akanawa mikono, tukala.

Bryceson, Mwingereza aliyejeruhiwa vitani akiwa rubani, alishinda hapa Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, naye akashinda Morogoro. Ni kweli sheria iliwakataza wagombea kuomba kura kwa rangi, kabila au dini. Lakini mpiga kura alikuwa peke yake nyuma ya pazia, na huko hakuna sheria iliyomfuata.

Miaka arobaini ikapita. Mwaka 2005, CCM ikitafuta mgombea urais, nilikuwa nimekaa kwa kinyozi Temeke nikingoja zamu yangu. Likatajwa jina la Salim Ahmed Salim: balozi wetu Misri akiwa na miaka 22, Waziri Mkuu kuanzia 1984 hadi 1985, kisha Katibu Mkuu wa OAU kwa miaka kumi na miwili. Kijana mmoja akasema, "Lakini huyo si Mwarabu?" Hakulitunga yeye neno hilo, lilikuwa limekwisha kuzungushwa na watu wazima ndani ya siasa. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Kicheko kile kimenisumbua kuliko lile neno. Sisemi kwamba anayeuliza rangi ya kiongozi ni mjinga. Mkoloni ndiye aliyetupanga kwa rangi: katika uchaguzi wa 1958 kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zanzibar nako kuna majeraha ambayo mtu wa bara hana haki ya kuyafanyia mzaha. Mtu akiniuliza, "Huyu alisimama upande gani tulipoonewa?" swali lake ni halali, nami ningependa mgombea alijibu. Ila swali hilo hujibiwa kwa matendo, na matendo ya Salim yalikuwa wazi, wala hayakuhitaji kusomwa usoni. Ndiyo sababu Mwalimu, mwaka 1961, alikuwa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali uraia utolewe kwa rangi.

Haya yote niliyajua pale kwa kinyozi. Nilikuwa mkubwa kuliko wote mle ndani, na neno langu lingesikilizwa. Nilicheka kwa sababu sikutaka kuonekana mzee anayeharibu mazungumzo.

Baba alifariki mwaka 1988. Sikupata kumuuliza kama siku ile alihitaji ushujaa wowote. Nadhani angenishangaa, yeye alikuwa akiwaza habari ya mahindi tu.